Nilivyouguza samaki wa Mwalimu Mbelwa kwa maji ya akiba: Korogwe, enzi za Ujamaa

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa kwa umri nilionao sasa nadhani wengi wenu ndio mnaonidai marahaba.

Wiki hii kuna kijana kaomba msaada humu. Ana samaki wa maji ya chumvi, wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe, wameota vidoa kama chembe za chumvi. Komenti zikamiminika. Mmoja anasema awaogeshe dawa, mwingine awatenge, mwingine awaombee tu.

Nilicheka peke yangu. Halafu kicheko kikakata, maana hao samaki nawajua. Nimewahi kuwauguza, na mmoja nikamuua.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana, Korogwe. Niliandika kila siku kwenye daftari, na daftari ninalo hapa mezani, limeliwa na mende kona mbili. Nitawasimulia kwa kulifuata. Pale nilipojiaibisha nitapaacha vilevile. Ukiona naongopa, basi niliongopa tangu wakati ule, siyo leo.

Twende taratibu.

Kwanza mjue mimi ni Mzigua wa Misima, Handeni. Na nilikuwa na aibu, tena ile ya kuumwa. Mwalimu akiniita jina darasani sauti inabaki tumboni. Wenzangu walikuwa wakinijibia.

Sasa mtauliza, Korogwe na samaki wa bahari wapi na wapi?

Ni hivi. Kulikuwa na meneja wa shamba la mkonge. Mashamba yalipotaifishwa akafunga mizigo akaondoka, akaacha nyumbani tangi la kioo lenye fremu ya chuma, kimashine cha kupuliza hewa, na samaki watatu. Mwalimu wetu wa bayolojia, Mwalimu Mbelwa, akaenda kuwaomba kabla paka hawajajua. Akawaleta maabara. Maji ya bahari yalikuja kwenye mapipa, kwa lori la mkonge lililokuwa likishuka Tanga na kurudi tupu.

Mkuu wa shule hakupendezwa. Hicho kilikuwa kipindi cha kujitegemea: kila darasa lina mradi, huyu kuku, huyu bustani, huyu kushona. Siku moja alisimama mbele ya tangi, mikono nyuma, akauliza, "Mwalimu, hawa wanaliwa?"

"Hawaliwi, Mkuu."

"Wanataga?"

"Wakitaka."

"Basi wakifa, hilo tangi litawafaa vifaranga wa Kidato cha Pili. Vifaranga wanataka joto."

Wengine walicheka. Mimi nilisogea karibu na tangi. Kule maabara, jioni baada ya kazi za shamba, ndipo mahali pekee nilipokuwa nikiongea. Nilikuwa naongea na samaki. Nimeliandika hilo kwenye daftari na ninaliacha.

Yule mkubwa nilimwita Bibi. Wa kati Mume. Mdogo kabisa hakuwa na jina, nilimwita Wewe.

Jumamosi moja vidoa vikaanza. Bibi alikuwa anajisugua ubavu kwenye jiwe, Mume anahema haraka haraka, Wewe kajificha nyuma ya bomba la hewa. Mwalimu aliinama akatazama muda mrefu.

Akasema ni wadudu. Wadogo mno, wanajichimbia ndani ya ngozi ya samaki, wanakula, wakishiba wanadondoka.

Na balaa ni kwamba kesho yake Mwalimu anasafiri. Walimu kadhaa walikuwa wamepangiwa kwenda vijiji vya ujamaa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Yeye kapangiwa Handeni, wiki mbili.

Akaniangalia mimi. Siyo yule wa kwanza darasani, siyo kiranja. Mimi.

"Mwanaidi, wewe huwa huchoki kuangalia. Utawauguza."

Nilitikisa kichwa kukubali. Sauti ilikuwa tumboni.

Jumapili asubuhi kabla ya basi lake tulifanya pamoja bafu la kwanza la dawa. Dawa yenyewe ni fomalini. Nilichanganyikiwa hapohapo. Fomalini ndiyo ileile iliyokuwa kwenye chupa za kabatini, yenye vyura waliokufa na nyoka mmoja mweupe kama tambi. Daftari linasema: "Dawa ya kuhifadhi maiti inatibuje mzima? Sikuuliza."

Ndiyo tabia yangu hiyo. Sikuuliza.

Tulifungua madirisha yote kwa sababu ya mvuke. Ndoo ya maji ya bahari, kipimo kidogo sana cha dawa, samaki ndani, saa moja kamili kwa saa ya ukutani. Na kwa sababu kimashine cha hewa kilikuwa kimoja, kwenye ndoo tulitumia pampu ya baiskeli na mpira mwembamba. Aliyepampu ni Zaituni, rafiki yangu wa kitanda cha juu, mtoto wa Soni huko milimani. Alipampu huku analalamika.

"Kwetu samaki akiumwa analiwa."

Kijana mwenye swali, hapa naomba usiniulize kipimo. Hiyo ni sumu, ukikosea kidogo unaua. Tafuta mtaalamu wa mifugo akupimie.

Baada ya saa moja tukawahamishia kwenye ndoo nyingine safi, maji mapya kutoka pipani. Hiyo ndiyo karantini. Tangi kubwa likabaki na maji yake na mawe yake, bila samaki hata mmoja.

Mwalimu akaniachia chupa ndogo mbili za dawa aliyokwisha kuipima, na karatasi. Karatasi bado imebanwa kwenye daftari:

"Kila siku ya tatu, wahamishie kwenye ndoo safi yenye maji mapya. Ndoo ya zamani ioshwe kwa maji ya moto, ianikwe juani. Maji ya zamani yamwagwe. Usimrudishe yeyote kwenye tangi kubwa. Vidoa vikirudi, rudia bafu la dawa. Andika kila siku."

Ni hayo tu. Maneno machache, hati nzuri.

Akapanda basi kwenda kwetu. Mimi nikabaki karibu na kwao, maana Mwalimu alikuwa Msambaa wa Bumbuli.

Jumatano, siku ya tatu, nikafanya kama ilivyoandikwa. Ndoo safi, maji mapya, nikawahamisha kwa kikombe. Vidoa vilikuwa vimepungua sana, Bibi amekula. Nikafurahi.

Nikashika ndoo ya zamani kwenda kumwaga.

Wakuu, hapa lazima nisimame niwaeleze kitu, hasa nyinyi mliokulia kwenye mabomba.

Misima nilipokulia, maji yalitoka lamboni, bwawa la mvua, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi kiangazi kikikolea. Maji ya kuoshea mchele yanaoshea vyombo. Yaliyooshea vyombo yanakwenda kwenye mpapai. Ya kunawa uso yananyunyiziwa sakafu ya udongo vumbi lilale. Mtoto akimwaga maji kwa bahati mbaya, hapigwi. Watu wananyamaza tu. Na kule kunyamaza ni afadhali upigwe.

Nikafika nyuma ya maabara na ndoo yangu. Maji meupe, unaona hadi chini. Yametoka Tanga, kwa lori. Nikainamisha ndoo kidogo. Mkono ukakataa.

Daftari, Jumatano: "Maji ni safi kabisa. Nimeyachuja kwa kitambaa mara mbili. Nimeyaweka kwenye ndoo yenye kifuniko, nyuma ya mlango. Mwalimu atakaporudi atakuta nimeokoa ndoo nzima. Lori halijulikani litakwenda Tanga lini."

Zaituni aliniona nikichuja.

"Unafanya nini, wewe?"

"Akiba."

"Kwetu maji tunayafukuza, nyinyi mnayafuga!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Niliendelea kuchuja. Nilijua ananitania, lakini pia nilijiona nina akili kuliko yeye.

Jumamosi, zamu ya pili ya kuhamisha. Pipa la mwisho lilikuwa limeshuka. Nikafikiri, kwa nini nichote pipani wakati akiba ipo? Nikaosha ndoo kwa maji ya moto, nikaianika, nikafanya kila kitu sawasawa. Halafu nikaijaza maji ya akiba. Yale waliyotoka samaki muda huo nikayachuja, yakawa akiba mpya.

"Leo sikupunguza pipa hata kikombe," niliandika. Na nikapiga mstari chini, kwa rula.

Jumatatu jioni, Mume ana kidoa kimoja mkiani.

Jumanne asubuhi, wote watatu wamejaa.

Nilichanganyikiwa kiasi ambacho siwezi kukieleza. Daftari ukurasa ule hauna mpangilio. "Ndoo niliosha. Siku nilihesabu. Hakuna aliyerudi tangi kubwa. Karatasi nimeisoma mara tano. Ni dawa imechacha? Ni mimi ninawaangalia sana? Ni kwa sababu nilimsema Zaituni moyoni?"

Nikaomba msaada kwa mtu mzima pekee niliyethubutu kumwendea, Mzee Hoza, mtunza maabara, mtu wa Korogwe ya zamani kule karibu na mto. Alikuja anafuta mikono kwenye kaptula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndio wagonjwa hawa?" Akawaangalia kwa jicho moja. "Hawa ni watu wa pwani, mwanangu. Hewa ya Korogwe imewakataa. Hata mimi nikienda Tanga navimba miguu."

"Sasa nifanye nini?"

"Wakaange kabla hawajakonda."

Nililia, akaona haya. Akanishikia pampu ya baiskeli saa nzima ya bafu la pili bila utani mwingine. Maji ya lile bafu nilimwaga kwa sababu yana sumu, na bado niliumia.

Baada ya bafu samaki wakaingia kwenye ndoo iliyooshwa. Maji ya akiba tena. Ile akiba mpya.

Najua mnapiga kelele huko mlipo. Mimi sikusikia kelele yoyote. Niliona maji safi.

Alhamisi asubuhi Bibi alikuwa amelala ubavu juu ya maji.

Sikulia siku hiyo. Nilimtoa kwa kikombe kilekile cha kuhamishia, nikamweka juu ya karatasi, rangi ya chungwa ikaanza kufifia nikitazama. Mkuu wa shule alipita dirishani, akaona, akasema polepole, "Pole. Bado wawili?" Sikujua anawahesabu samaki au anawahesabia vifaranga siku.

Nilikaa kwenye stuli nikafungua daftari niandike kifo. Na kwa kuwa sikujua niandike nini, nikaanza kusoma nyuma.

Jumapili, bafu la dawa. Jumatano, maji ya pipa, vidoa vimepungua. Jumamosi, maji ya akiba. Jumatatu, kidoa. Jumanne, maji ya akiba. Alhamisi, Bibi.

Nikasoma tena. Nikarudi Jumamosi ile ya kwanza kabisa, aliposema Mwalimu: wakishiba wanadondoka.

Wanadondoka wapi?

Wakuu, niliweka kalamu chini. Wanadondoka majini. Wanajifungia chini ya ndoo, wanazaana, wanatoka wengi kuliko walioingia, wanatafuta samaki mwingine. Ndiyo maana ya kuhama kila siku ya tatu: samaki anawakimbia wadudu kabla hawajazaliwa upya. Ndiyo maana ya kulitelekeza tangi kubwa. Ndiyo maana ya kumwaga.

Na mimi nilikuwa nawachuja kwa kitambaa, nawafunika wasipate vumbi, halafu nawarudishia samaki wao.

Niliosha ndoo kwa maji ya moto. Nikachota pipani. Pipa lilikuwa na maji ya kutosha, na hilo nalo lilinichanganya, maana lilikuwa na maji kwa sababu mimi nilibania. Nikawahamisha Mume na Wewe.

Kisha nikabeba yale maji ya akiba waliyotoka, nikaenda nyuma ya maabara.

Ilinichukua muda. Nilisimama na ile ndoo mpaka mpini ukaniachia alama vidoleni. Sikuwahi maishani kumwaga ndoo nzima ya maji ardhini bila kitu kilichopandwa pale. Nilifumba macho ndipo nikainamisha. Nilisikia ardhi inayanywa.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza kurekebishwa. Likabaki la pili.

Mwalimu alisema "andika kila siku". Mimi sikuwa na daftari la pili. Nilikuwa nimeandikia kwenye daftari langu la siri. Kwa hiyo kumbukumbu za ugonjwa zilikuwa zimechanganyika na kila kitu: jinsi ninavyoongea na samaki, jinsi ninavyomwonea wivu Zaituni kwa kicheko chake, na sentensi moja kwamba Mwalimu Mbelwa akicheka analia kama mlango wa stoo.

Nilifikiria kuchana kurasa. Lile daftari lilikuwa la kushonwa kwa uzi katikati. Ukichana ukurasa wa Jumamosi, wa upande wa pili unalegea, na huo ndio wa Jumatano. Nilijaribu. Ulichanika kidogo juu, mpaka leo umechanika.

Nilifikiria pia kusema tu, "Bibi alikufa." Watu wangeamini. Mzee Hoza angesema ni hewa.

Jumapili Mwalimu akarudi. Alikuja maabara moja kwa moja na vumbi lake, kitambaa kichwani kimekuwa rangi ya udongo. Akaangalia ndoo. Akahesabu. Mume na Wewe walikuwa wasafi, hawana kidoa, wanahema vizuri.

"Mkubwa yuko wapi?"

Sauti ikaenda tumboni. Nikampa daftari.

Akavuta stuli akasoma. Nilitazama mguu wake. Zaituni alikuwa mlangoni.

Alisoma mpaka mwisho. Halafu akarudi nyuma kidogo akasoma sehemu moja tena. Nilijua ni Jumatano ile.

"Uliyachuja kwa kitambaa," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mara mbili."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilingoja kelele. Haikuja. Alivua kile kitambaa kichwani, akakikung'uta vumbi, akakikunja.

"Mwanaidi, wiki mbili nimeoga kopo moja. Kopo moja! Siku ya kwanza nilioga nikamwaga yaliyobaki mlangoni. Mama mwenyeji wangu hakusema kitu. Nyumba nzima ilinyamaza. Nikalala sijui nimekosa nini."

Zaituni akaanza kucheka, akaona Mwalimu hacheki, akaacha.

"Siku ya pili mtoto wa pale, mdogo hivi, ndiye aliyenishika mkono akanionyesha mpapai." Alikiweka kitambaa mezani. "Kwetu Bumbuli maji yanapita mlangoni, hayana mwenyewe. Niliandika 'yamwagwe' kama ninavyoandika 'fungua dirisha'. Sikujua namwandikia nani."

Mimi nikasema, na hii ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima hadi siku ile: "Lakini Mwalimu, Bibi kafa, na ni mimi."

"Ni wewe," alisema. "Na mimi. Zaituni, chukua pampu, leo ni zamu ya kuhamisha. Mwanaidi, utamwaga mwenyewe."

Nikamwaga. Macho wazi safari hii.

Daftari aliondoka nalo, akanirudishia kesho yake. Pembeni ya Jumatano, kwa kalamu nyekundu, ameandika: "Nilikuambia ufanye nini. Sikukuambia kwa nini." Na chini kidogo, pembeni ya ile sentensi nyingine: "Mlango wa stoo nitautia mafuta."

Mume na Wewe walimaliza karantini. Tangi kubwa lilikaa miezi miwili bila samaki, kimashine kinapuliza hewa ndani ya maji matupu, wadudu wafe kwa njaa. Mkuu wa shule alikuwa akija anatazama, anaondoka anatikisa kichwa. Siku tulipowarudisha alikuja tena, akainama mpaka miwani ikagusa kioo. Hakutaja vifaranga.

Kisha Mwalimu akatuambia kwamba Mume, kwa kuwa Bibi hayupo, sasa atageuka kuwa jike, ndivyo walivyo samaki hawa. Sikuamini. Niliandika: "Leo sielewi kitu chochote duniani." Na kweli akanenepa, akawa mkali, akamtawala Wewe. Sikubadilisha jina. Niliona aibu kumwambia.

Basi, kijana mwenye swali, jibu lako ni hilo. Tenga samaki wote, hata asiye na kidoa. Dawa apime anayejua. Wahame kila siku ya tatu, na usihame na maji yao. Tangi kubwa lilale bila samaki wiki nyingi, hata ukichekwa. Andika kila unachofanya, hasa unachojivunia.

Na wewe unayemwagiza mtu kazi, mwambie na sababu. Huwezi kujua katoka wapi.

Mimi sasa naishi Masuguru, hapahapa Korogwe mjini, bomba liko ndani, nafungua nikitaka. Nyuma ya mlango wa jiko bado kuna ndoo yenye kifuniko. Wajukuu wanaicheka. Maji ya kuoshea mchele yanaingia humo, jioni yanakwenda kwenye mpapai, na mpapai unazaa.

Ila hadi leo kuna siku nikiinua kile kifuniko huwa nachungulia kwanza kama kuna kitu kinatembea.

Mliofuga samaki, nisahihisheni nilipokosea, sitanuna. Na mliokulia kiangazi kama mimi, semeni ukweli hapa chini: nyinyi mngemwaga?